Vidonge vitatu na bado niko macho

Assalam aleikum mshauri wetu,

Hii naandika saa nane na robo za usiku, nyumba yote imelala hata paka amelala, mie nimekalia mbuzi ya nazi jikoni na simu mkononi, nimepunguza mwanga nisimuamshe mtu. Nina miaka 51, nimeolewa, watoto watatu na mjukuu mmoja wa miaka mitatu, twakaa Kisauni. Kazi yangu ni mahamri na mbaazi, nauza hapo nje barabarani huu mwaka wa 16 sasa, kwa hivyo saa kumi za alfajiri lazima niwe nimesimama kwenye karai, nimelala sikulala.

Mambo yalianza 2021 mamangu alipopata kiharusi. Nlimchukua kwangu nkamuuguza miezi minane, kila baada ya masaa mawili namgeuza asifanye vidonda, namnywisha maji, namsikiza kama yuapumua. Alipofariki nkasema haya, sasa ntalala. Wapi. Saa ya kumgeuza ikifika macho yanafunguka yenyewe, saa sita, saa nane, saa kumi. Miezi mitatu nkawa natembea kama mzuka, chumvi natia mara mbili, wateja nawarudishia chenji kubwa kuliko pesa walonipa. Ndo nkaenda kwa daktari akanipa diazepam ya miligramu 5, akasema kimoja wakati wa kulala, wiki mbili basi.

Mshauri, wallahi asubuhi ya kwanza nlilia kwa furaha. Nlilala fofofo mpaka bwanangu akanitikisa. Wiki mbili zikaisha, nkaenda kemisti moja na pakiti tupu mkononi, kijana akaitazama akanipa nyingine, karatasi ya daktari hakuniuliza. Ikawa ndo njia yangu, miaka mitatu hii. Miezi ya mwanzo kimoja kilitosha. Kisha kikawa kinanilaza lakini saa nane niko macho, nkaongeza nusu, nkafika viwili, saa hizi nameza vitatu na siku nyingine natia na Piriton, ile ya mafua na mwasho, juu yake na bado. Naingia kitandani saa mbili na nusu baada ya isha, manake nasema nisipowahi ntakosa kabisa, nageuka nageuka mpaka saa tano, saa saba au nane nimeshtuka tena na ndo basi mpaka saa kumi. Nikihesabu masaa mawili kwa usiku, mawili na nusu, hiyo ndo yangu. Na cha ajabu, magharibi nikikaa kochini na mjukuu tukitazama katuni nasinzia mpaka shingo inaniuma, nikiingia kitandani ni kama mtu kaniwashia taa kichwani. Na shuka inalowa jasho, nlikuwa nasema ni joto la kaskazi lakini saa hizi kusi imeingia watu wanavaa sweta asubuhi na mie bado nalowa. Kisha choo, mara mbili mara tatu, manake dawa yangu ya presha, ile ya kukojoa, naimeza hapo hapo jioni pamoja na hizi nyingine nisije nkasahau.

Mwezi wa pili nlijaribu kuacha. Nlivimwaga vyote chooni nkavuta maji. Siku tatu mshauri, mikono inatetemeka mpaka unga nashindwa kukanda, moyo unanipiga ngoma ya chakacha, bodaboda ikipita barabarani naisikia kama iko chini ya kitanda, na usingizi hata dakika moja sikuuona. Siku ya nne nkarudi kemisti. Hapo nkajua mwili wangu umeshasahau kulala wenyewe, bila dawa nimekwisha.

Lakini kilichonifanya niandike si hicho. Wiki tatu zilizopita binti yangu alikuwa shifti ya usiku hotelini, mtoto kaniachia mie kama kawaida, bwanangu yuko safari. Nkameza vitatu vyangu, saa saba nkaamka, nkachoka na hasira zile za kukosa usingizi, nkameza Piriton mbili. Mtoto akashikwa na homa akalia. Sikumsikia. Jirani ndo alomsikia, akanigongea dirisha mpaka mkono ukamuuma. Asubuhi binti alipoambiwa akaingia jikoni akapekua akazipata ndani ya mkebe wa iliki, akanitazama, akanambia, "Mama, umekuwa teja." Mateja wana maskani yao nyuma ya nyumba yetu, twawajua kwa majina, wengine nimesoma madrasa na mama zao. Hilo neno limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Mkebe nimeuhamisha tu, sasa uko rafu ya chini nyuma ya gunia la unga, hajauona.

Binti ataka niache zote leo leo. Bwanangu asema hili si la hospitali, nyumba ina jambo, twende kwa shehe mmoja Likoni nkasomewe. Na mama mmoja nanunua nazi kwake Kongowea kanambia dawa ya moto ni moto, kuna bugizi, kimoja tu walala mpaka jua likuwakie usoni, kijana wake atanitafutia. Namba kanipa. Nimeiandika, sijapiga. Kwa daktari naona haya kurudi, ataniuliza zile wiki mbili zimekuwaje miaka mitatu.

Niongeze? Nibadilishe? Niache? Nisaidie.

Mkesha, Kisauni

*

Waaleikum salaam dadangu Mkesha,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili polepole, na pale jirani anapogonga dirisha nlisimama kidogo nkaenda kunywa maji. Pole sana. Pole ya mama, pole ya miaka mitatu, na pole ya neno hilo. Nataka nianze na hilo neno kwa sababu naona ndilo linalokukesha zaidi saa hizi kuliko hata huo usingizi.

Wewe ulipewa dawa na daktari kwa shida ya kweli, ukaizoea, mwili ukaitegemea. Kutegemea huku humpata mtu yeyote, hata hajja wa miaka sabini akipewa kidonge hicho kila usiku miezi na miezi. Hutafuti kulewa, watafuta kulala ili alfajiri uweze kukanda unga. Sasa sisemi hakuna la kuogopa, lipo, tena kubwa, na binti yako aliliona asubuhi ile akalipa jina alilokuwa nalo karibu. Kosa lake ni jina, hofu yake ilikuwa sawa. Ukiweza kuvitenganisha hivyo viwili moyoni huenda ukaweza kukaa naye bila nyote wawili kulia.

Nikikuelewa, umenifungia mambo matatu kwenye leso moja. Kuna usingizi uliopotea ukiuguza. Kuna dawa iliyokuja kushika nafasi yake nayo imechoka. Na kuna haya, ambayo imekufungia mlango wa daktari ikakufungulia mlango wa kijana wa bugizi. Mie ni mnasihi, si daktari, dozi sikupangii, lakini kuna mambo mawili matatu umeyasema kwa uhakika mno na mie naona yana mlango wa nyuma.

La kwanza ni hizi siku tatu za mwezi wa pili. Wewe umezichukua kama ushahidi, ati mwili umesahau kulala. Hebu tuzitazame tena. Ubongo una breki yake ya asili, kemikali inaitwa GABA, na diazepam kazi yake ni kuikanyagia hiyo breki kwa nguvu. Ukikanyaga kila usiku ubongo nao hujipanga, hulegeza breki zake wenyewe ili mchana uweze kutembea na kuhesabu chenji. Ndo maana kimoja hakitoshi tena, kidonge ni kile kile, breki ndo imelegea. Sasa siku unapoondoa mguu ghafla, gari liko mteremko wa Nyali na breki hazijakazwa upya. Kutetemeka, jasho, moyo, masikio kusikia kila kitu, hayo yote ni ya kuacha ghafla, yana jina na yanajulikana, na hutulia mwili ukipewa muda. Kwa hivyo zile siku tatu zimekuonyesha kuacha ghafla kunafanana vipi. Usingizi wako bila dawa hujauona bado dadangu. Huo mtihani haujafanywa.

Na tena umenipa ushahidi wa upande wa pili mwenyewe bila kujua. Kochi. Mtu aliyesahau kulala hasinzii mbele ya katuni mpaka shingo ikamuuma. Usingizi unao, unakuja magharibi umejaa tele, kisha unakufa mlangoni mwa chumba. Kwa nini? Fikiria hicho kitanda kimeona nini miaka hii minne. Kwanza ulikuwa unalala nusu jicho ukisikiza pumzi ya mama, baadaye ukawa unalala ukiisikiza saa. Mwili umefundishwa kitanda ni mahali pa kulinda zamu. Wala sijui kama ushawahi kujiuliza hili, naliuliza kwa upole: ile saa nane unapofungua macho, si bado unakwenda kumgeuza mama? Miezi minane ya kazi ile halafu mazishi, halafu kidonge miezi mitatu baadaye. Sioni kwenye barua mahali ulipokaa ukamlilia.

Kuhusu masaa mawili kwa usiku. Huenda ni mawili kweli. Lakini watu wengi wenye shida hii wakipimwa huonekana wamelala zaidi ya walivyohisi, kwa sababu usingizi mwepesi hauachi kumbukumbu, na kila ukitazama simu unajiwekea alama ya kuwa ulikuwa macho. Sikwambii ni uwongo, nakwambia pima. Daftari lile la madeni ya wateja, fungua ukurasa wa nyuma, kila asubuhi andika kwa kukisia: niliingia saa ngapi, nililala kama saa ngapi, niliamka mara ngapi, nilitoka saa ngapi, nimemeza nini. Usiku usiandike kitu, asubuhi tu. Wiki mbili. Hilo daftari ndo litakuwa mdomo wako kwa daktari.

Haya, sasa njia zako. Ulizitaja tatu, mie naziona kama tano na kila moja ina miba yake.

Kuongeza cha nne. Utapata labda wiki chache nzuri kisha utarudi hapa hapa, ushaona mwenyewe kimoja kilivyozaa viwili na viwili vikazaa vitatu. Usingizi unapungua lakini ule uzito haupungui, hilo watu hawaambiwi. Diazepam ni dawa inayokawia mwilini, nusu yake tu kutoka huchukua siku nzima, mbili, hata zaidi, kwa hivyo kidonge cha jana kinakutana na cha leo mlangoni. Ndo maana waweza kuwa macho saa saba na bado saa nane usimsikie mtoto. Na ndo hofu yangu na lile karai la mafuta pia, ambalo hukulitaja lakini mie nimelifikiria.

Bugizi. Hapa nitakuwa mkali kidogo unisamehe. Vidonge vinavyotafutwa kwa jina hilo ni ndugu wa hizo hizo diazepam, familia moja na breki ni ile ile, na kwa kuwa vinatoka mfukoni mwa kijana hakuna anayejua ndani mna nini na kiasi gani. Ukitia juu ya miligramu 15 na Piriton, kinacholala kinaweza kuwa ni kupumua. Huyo mama wa nazi nia yake nzuri, lakini dawa ya moto ni moto ni maneno ya ugomvi wa mtaani, kwenye ubongo hayafanyi kazi. Namba ifute. Au usiifute, lakini jiulize kwa nini hujapiga mpaka leo, nafikiri ndani yako kuna mtu mwenye akili sana anayekuzuia.

Kuacha zote leo leo kama anavyotaka binti. Ni mapenzi yanayozungumza lakini ni njia ya hatari, na hili muonyeshe kwa jina langu kama utapenda. Mtu aliyemeza dawa za jamii hii miaka mitatu akikata ghafla anaweza kuanguka kifafa hata kama maishani hajawahi kuanguka. Zile siku tatu Mungu alikusitiri. Tafadhali usimwage chooni tena.

Njia ya nne ni kushuka ngazi polepole ukiwa na daktari mkononi. Unajua hii dawa ilipoingia sokoni mwaka 1963 watu waliiona kama peremende, ilichukua miaka kufahamu, na siku hizi madaktari huambiwa wiki mbili hadi nne basi, ndo ile karatasi yako ya kwanza. Uingereza kulikuwa na profesa mmoja, Heather Ashton, aliendesha kliniki ya watu kama wewe mjini Newcastle kuanzia 1982 hadi 1994, watu waliopewa kidonge na madaktari wao wakakwama nacho, na alilolifundisha ni pole pole tena mgonjwa mwenyewe ndo ashike usukani. Mara nyingi hupunguzwa kama sehemu moja ya kumi hadi robo kila wiki mbili hivi, kisha unatazama mwili unasemaje, ukikataa unasimama hapo hapo kwanza. Ni kazi ya miezi. Wengine hufika sifuri, wengine hufika nusu wakapumzika hapo, na hiyo nusu si kushindwa. Mwiba wake ni kwamba baadhi ya usiku utakuwa mbaya zaidi kabla ya kuwa mzuri, na ikiwa utashuka msimu wa biashara kubwa, tuseme Ramadhani au kuelekea Idd, utajilaumu bure. Wakati wa kuanza uchague wewe.

Ya tano ni kuufundisha usingizi wenyewe, na hii yaweza kwenda sambamba na ya nne. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kilisema tiba hii ya mazungumzo na mazoezi ndo ianze kwa mtu mzima mwenye kukosa usingizi kwa muda mrefu, kabla ya kidonge. Si kila kliniki utaipata, lakini mengi yake ni ya nyumbani. Moja ni hili la kitanda. Ukiona umekaa kama dakika ishirini macho makavu, kwa kukisia bila kutazama saa, toka. Kakae pale kochini, taa ndogo, tasbihi, au chambua mbaazi, urudi macho yakiwa mazito na si kabla. Rudia hata mara nne. Wewe unayejua unga utanifahamu: ukiufunua kila dakika kumi kutazama kama umeumuka, hauumuki. Simu iache chumba kingine, na barua ya kwangu ukitaka kuniandikia tena andika mchana.

Nyingine ni ngumu na watu huiona kichaa. Unaingia kitandani saa mbili na nusu mpaka saa kumi, hayo ni masaa saba na nusu ya kugaagaa. Tuseme daftari likuonyeshe wastani wako ni masaa matano. Wataalamu wangekwambia basi kaa kitandani masaa matano na nusu tu, ingia saa nne na nusu usiku, toka saa kumi kama kawaida, usingizi mchache uliotandazwa sahani kubwa uukusanye sahani ndogo. Chini ya masaa matano hawashuki. Ukiwa sasa unalala sehemu kubwa ya muda huo, kama asilimia 85, unaongeza robo saa wiki baada ya wiki. Na kile kisinzio cha kochini hakipo tena, pole, hicho ndo kinakuibia. Tatizo lake ni kwamba wiki za mwanzo mchana utakuwa na usingizi mzito, na wewe mkono wako uko kwenye mafuta yanayochemka, na ukiwa unapunguza dawa wakati huo huo mwili unabeba mizigo miwili. Kwa mtu wa kazi yako hata mie nisingeianza bila kumuuliza daktari, au bila kuwa na mtu wa kukaanga na mie nikibaki kwenye kukata.

Halafu kuna vitu umevitupa njiani kwenye barua kama maganda na mie nimeviokota. Jasho usiku hata kusi ikivuma, na umri 51. Hedhi yako iko vipi? Wanawake wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55 na ule moto unaopanda kifuani huamsha mtu usiku wala hauhusiani na kaskazi, na una matibabu yake. Nayo dawa ya presha ya kukojoa ukiinywa jioni, choo mara tatu ni hesabu yake ya kawaida, muulize daktari kama waweza kuihamishia asubuhi, usiihamishe mwenyewe. Piriton nguvu yake ya kulaza huisha baada ya siku chache za kuizoea, ikabaki ukungu na kinywa kikavu. Wewe au bwanako mwambieni daktari kama unakoroma na kukatika pumzi, maana hapo hizi dawa ni hatari zaidi. Na kahawa hukuitaja kabisa, mtu wa Mombasa, nimeshuku kidogo. Kikombe cha saa kumi na moja jioni barazani, nusu yake bado iko mwilini saa nne usiku. Thurungi pia.

Kwa bwanako sitaki kuingilia imani. Kusomewa kunawatuliza watu wengi na moyo uliotulia hulala vizuri, na huenda akikupeleka Likoni ni njia yake ya kusema nimekuona unavyoteseka. Nendeni mkitaka. Jihadharini na mambo mawili tu, mtu yeyote akikwambia acha dawa zote kuanzia leo, na mtu akikupa cha kunywa asichoweza kukutajia ni nini.

Daktari sasa. Hayo maswali unayoyaogopa, yeye ameyauliza na kujibiwa mara nyingi kuliko unavyodhani. Ulimi ukiwa mzito usiutumie, mpe karatasi: nameza diazepam miligramu 15, nilianza 2022, naongeza Piriton, nilipoacha ghafla nilitetemeka siku tatu, nina presha, naangalia mtoto usiku. Mistari sita. Kama ni yule wa kwanza ndo unamuonea haya, nenda kwa mwengine, au kliniki ya afya ya akili. Najua hapa kwetu ukitaja Port Reitz watu wanacheka, wanasema fulani keshawehuka, lakini kule ndo wanajua kumshusha mtu ngazi za dawa kama hizi, na foleni utakuta akina mama kama wewe na vikapu vyao. Na yule kijana wa kemisti, mie siwezi kumwita mtu mbaya, lakini dawa hii kisheria ni ya karatasi na hisani yake imekugharimu.

Siwezi kukwambia chagua hii. Kuna siku utataka kushuka haraka na kuna siku utataka kubaki na vitatu vyako na dunia ikuache, na zote mbili nitazielewa. Naomba tu uamuzi usifanywe saa nane za usiku. Na usiku mmoja ukipata fikra za kujidhuru, hata ndogo, muamshe mtu, au piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, haina malipo.

Kwa binti, labda anza na kumuomba kitu badala ya kujitetea. Mwambie sitaki kubaki peke yangu na mtoto usiku mpaka hili litengenee, tutafute mtu, jirani, mdogo wako, yeyote, na uje nami kwa daktari ushike daftari. Anaweza kukataa mara ya kwanza. Bado ana picha ya mwanawe akilia.

Na dadangu, ule mkebe wa iliki. Rafu ya chini, nyuma ya unga, na nyumbani mna mtoto wa miaka mitatu anayekuona kila siku ukifungua mikebe. Uondoe sasa hivi kabla hujamaliza kusoma. Weka kabatini chumbani, juu, funga na ufunguo, ufunguo mpe bwanako.